Kijiti Ndani ya Suruali

Mwakeye, salamu kwako mjukuu wangu Furaha,

Hapa Heru Juu sote tu wazima. Maharage tumeshavuna, na mama yako ameyapeleka sokoni Manyovu. Kikohozi changu kimepungua, usiwe na wasiwasi.

Umeniuliza kama uache yale masomo ya hesabu ya Jumamosi mnayopewa ninyi mnaosomeshwa na wafadhili, maana wenzako wa uhandisi watajua kwamba kwenu hawajiwezi.

Nilipokuwa kijana nilichukuliwa kujifunza ufundi wa mabomba ya maji. Nyumbani tulipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mita sikuijua, na niliona aibu kuuliza. Nikakata mabomba kwa kukisia, yote yakawa mafupi. Nilijua nitafukuzwa. Lakini fundi mkuu alichonga kijiti cha nusu mita, akakitia alama kwa kisu, akanipa.

"Tembea nacho mpaka uzoee," akasema.

Nikakificha ndani ya mguu wa suruali ili wenzangu wasikione. Goti likawa halikunjiki, nikashinda nachechemea. Jioni Yosia, tuliyekuwa tunajifunza naye, akanifuata na maji ya moto anikande mguu. Huruma yake ikanishinda, nikakitoa kijiti. Akakitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nichongee na mimi."

Jumamosi nenda, mama. Usichechemee na mguu ni mzima.

Babu yako,
Zakaria