Herufi Moja Niliyoiacha Ipite

Sanduku la Posta 318,
Nakuru.
Tarehe 19 Mei, 1957.

Mpendwa dada Nabalayo,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote hapo Jinja. Kifua cha shemeji Nyongesa kimepata nafuu? Na Nanyama, ameanza kutembea? Mimi ni mzima wa mwili, ila mvua ya mwaka huu haitupumzishi.

Uliniuliza kazi yangu gazetini ni ipi hasa. Mwandishi wa habari hutoka, huona mambo, hurudi kuandika. Mhariri hukata maneno na kutia kichwa cha habari. Mafundi hupanga herufi za risasi moja moja, kisha hutoa karatasi ya majaribio, tunayoiita prufu. Mimi huilinganisha na mwandiko wa mwandishi na kusahihisha makosa kabla gazeti halijachapwa. Mwaka wa tatu huu nasoma safari za wengine.

Februari akaajiriwa Kiprugut, mtu wa Njoro. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba habari huanza na lile kubwa: nani, nini, wapi, lini. Lakini mwezi uliopita mto ulipobeba lori karibu na Gilgil, mhariri alimtuma yeye. Akarudi na matope hadi magotini, akapewa ukurasa wa mbele, jina lake juu. Dada, chakula cha mchana kilinishinda.

Prufu ikaja mezani kwangu. Kiprugut aliandika kwamba Kipkoech, utingo wa lori, “aliponea mtoni”. Fundi akapanga “alipotea mtoni”. Niliiona hiyo herufi, na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikasema moyoni, acha aaibike kidogo. Nikatia sahihi.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Jumatatu akaingia ofisini mama mmoja kutoka Molo, jina lake Cherono, amenyoa kichwa kwa msiba. Jirani alikuwa amemsomea gazeti.

“Mmemweka wapi mwanangu?” akauliza. “Nimekuja kumchukua.”

Kiprugut akapiga magoti mbele yake. “Mama, Kipkoech yuko hai. Nimeongea naye mwenyewe.”

Mama alipotolewa nje kupewa maji, mhariri alimgeukia Kiprugut, akamwambia akusanye vitu vyake aende. Hapo nikasimama, nikasema kosa ni langu, niliiona herufi ile nikainyamazia. Mhariri akamwacha Kiprugut abaki na kazi yake. Tangu siku hiyo sisomi tena prufu, nakunja magazeti tu.

Kiprugut alimpeleka Cherono Gilgil kwa gari moshi, nami nikawafuata. Kipkoech tulimkuta akipakia viazi. Mama yake alimshika uso, akamshika mabega. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Kiprugut, akambariki kwa lugha yao. Mimi alinipita tu, maana Kiprugut hakuwa amemwambia ni nani aliyemnyoa nywele zile.

Ningepaswa kushukuru. Lakini nakwambia wewe peke yako: nilipouona mkono ule kichwani pake, wivu ulinichoma kuliko siku ya ukurasa wa mbele. Mpaka leo sijamwomba msamaha. Kila nikifungua kinywa, namwona amepiga magoti, nakifunga.

Nisalimie shemeji, Nanyama na shangazi Eucabeth. Mungu awalinde nyote, na mimi anilainishe moyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Micah Masinde