Masanduku Mezani kwa Karani

Alhamisi, baada ya chakula cha jioni

Mwanangu Kamau ametumbukiza kiatu changu kwa sufuria ya chai sasa hivi, halafu akajipigia makofi. Nimecheka badala ya kumchapa. Atembee kwanza na huo mguu uliopinda, makosa tutahesabu baadaye.

Daktari wa mifupa anakuja hospitalini kesho tu, na hamwoni mtoto ambaye karatasi zake hazijakamilika. Za Kamau ziko vyumba vitatu: uzazi, chanjo na picha za mifupa. Na yule karani wa hospitali na tai yake! Ukiuliza jina moja, anaagiza masanduku ya vyumba vyote yaletwe mezani kwake, apekue mwenyewe. Foleni haisongi. Anajisifu eti Nairobi wataleta mashine itakayokwenda yenyewe kila chumba kuuliza. Mashine! Hata mdomo alionao hautumii.

Leo tukagawana kazi wenyewe. Jirani yangu Mama Akinyi akaenda chumba cha picha akiwa na majina ya watoto wetu wote, mimi chanjo, mwenzetu wa foleni Mama Chebet uzazi. Kila mmoja aulize kwa dirisha, arudi na karatasi tu.

"Nyinyi akina mama mmekuwa maofisa?" karani akauliza.

"Hapana, bwana mkubwa, tumechoka tu kukutazama," Mama Akinyi akamjibu.

Za chanjo na uzazi zikapatikana mara moja. Picha bado. Nilimwacha Mama Akinyi pale dirishani kwa sababu Kamau alikuwa analia njaa. Sasa giza limeingia huku mtaani Langas na hajarudi. Naogopa. Kama haikupatikana...

Ngoja, ni yeye nje: "Mama Kamau, fungua! Hii picha haikunjwi, na mvua inanyesha!"

Mungu wangu, wacha nikafungue—