Kuku Ambaye Mjomba Hakuletewa

Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na hapa Dilala matope mekundu yameingia mpaka jikoni. Sina nguvu ya kufagia.

Kesho naenda mahakamani kumjibu mume wangu. Kaponda haombi talaka. Anaomba ndoa yetu ibatilishwe. Karani wa mahakama alinieleza polepole, kama anaongea na mgonjwa: talaka inasema ndoa imekwisha, lakini hii inasema haikuwahi kuwapo. Tuna watoto wanne. Sijui hao walitoka wapi.

Sababu yake ni kwamba mjomba wangu hakuulizwa. Mama alikuwa Msanga, na kwa Wasanga kaka wa mama ndiye anayemtoa binti. Mchumba humletea kuku. Mjomba akimla, amekubali. Baba yangu alikuwa Mluba, fundi wa mgodini, kichwa kigumu. Alisema kwao mtoto ni wa baba, akapokea posa mwenyewe. Mama alinyamaza. Kaponda naye alinyamaza, na yeye ni Msanga mtupu! Alijua. Miaka yote hii amekula bukari yangu, ugali niliousonga mwenyewe, akijua. Sasa kampata mwanamke wa ofisini kwao, na ghafla mila zimemrudia kichwani.

Nina hasira.

Baba na mama wote wamekufa. Nikamtumia nauli Mjomba Mwepu aje na treni kutoka Lubudi, aseme tu mbele ya hakimu kwamba aliridhika. Alifika jana. Nikampikia vizuri, akala, ndipo nikamwomba. Alinitazama kwa huruma kweli.

"Mi habakuniulizaka, mutoto wangu. Siwezi kusema bongo mbele ya juge." Uongo hautaki, hata kwa ajili yangu.

Nikamwambia nitamnunulia kuku siku ile ile, hata kama ni kumi. Akacheka. Kuku huletwa na mwanamume, akasema, si na mwanamke anayeng'ang'ania kubaki. Kaponda, ambaye bado analala humu humu ndani, alikuwa chumba cha pili, anatusikia. Akaongeza sauti ya redio.

Nikalia. Mjomba akanishika bega.

"Usilie, mama. Batoto ni ba kwetu. Tutarudia nabo Lubudi."

Alidhani ananifariji. Kwake yeye, hakimu akifuta ndoa, watoto wanarudi kwa ukoo wa mama, na ile dharau ya baba yangu inafutika. Siwezi kumchukia. Amengoja heshima yake muda mrefu. Lakini shahidi wangu na mtu anayenishitaki wanataka jambo lile lile, na mimi katikati sina wa kumshika mkono.

Nitamjibu nini hakimu? Nikisema mjomba aliulizwa, mjomba mwenyewe atanikana. Nikisema hakuulizwa, nimejifukuza nyumbani kwa mdomo wangu.

Leo mchana Kaponda ameleta abakosti yake, ile suti ya kijivu, akaiweka juu ya meza ya jikoni ipigwe pasi, kama afanyavyo kila anapokuwa na jambo la maana kesho yake. Nimeipiga pasi. Kola, mifuko, mikono yote miwili. Nimeshaitundika ndipo nikakumbuka anaenda kuivaa wapi.

Kama sijawahi kuwa mke wake, kwa nini nimeshindwa kuiacha na mikunjo yake?