Kuhusu Lile Gari Lenye Buti Refu

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, pasha tu. Dawa ya mama yako ni saa nane, baada ya kula. Mimi niko dukani nashona mpaka jioni.

Lile gari la kifahari ~~linunue tu~~ usilinunue. Ni mtumba wenye viti vya ngozi, basi. Asubuhi kwa muuza magari tulilikuta limeinamia upande wa kushoto, springi zimechoka, na wewe, fundi magari wa miaka ishirini, ukajifanya huoni. Angekuwa mteja wako ungemwambia akimbie. Badala yake ukapanda nyuma kwenye buti, ukajilaza, ukanyoosha miguu, ukasema, “Mama atakwenda hospitali amelala kama malkia.”

Ndipo nikatoka nje. Ulidhani nimenuna. Nilikuwa nalia.

Jana nikimwogesha, mama yako alinishika mkono akaniambia amechoka, hospitali harudi tena. Akaniomba nisikwambie. Nilishindwa kukwambia mbele ya muuza magari.

Ukishampa dawa, usimwonyeshe picha za gari. Atakubali kwenda ili kukufurahisha wewe. Kaa naye tu.

Mama watoto