Mngurumo wa Sabufa ya Baba Paulina

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekamua. Nimempa Baba Paulina uji. Nusu ameula, nusu ameuvaa. Nimembadilisha shati, nimemweka kwenye kiti chake dirishani, mguu wa kulia nikaukunja kwa mkono wangu maana wenyewe haukunjiki tangu kiharusi. Nikawasha sabufa nimwekee kwaya yake.

Mmmmm. Tena.

Wiki ya pili hii inanguruma. Kabla ya wimbo, chini ya wimbo, baada ya wimbo. Nilidhani nyuki wameingia darini. Nimepanda juu ya meza na umri huu. Hakuna nyuki. Kuna mavi ya panya.

Niliposhuka Baba Paulina alikuwa amegeuzia uso ukutani. Naujua mgongo ule. Aliongoza besi kanisani kwetu hapa Qurus tangu Paulina hajazaliwa. Mtu akikosea sauti alikuwa anasimamisha kwaya nzima, hamwambii kitu, anamtazama tu mpaka mwenyewe aone haya. Sasa hasemi hata neno. Nesi wa zahanati alisema, mama, mwekee nyimbo anazozijua, wengine sauti inarudi kwa njia ya wimbo. Paulina akatafuta kanda ya zamani ya kwaya yao, akaihamishia kwenye flashi. Sauti ya mume wangu imo mle. Nataka aisikie safi. Hilo tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimejua ni nani. Ni mashine ya kusaga ya Mama Safari. Umeme wetu nguzo moja. Nimeenda kwake bado nina matope miguuni, nikamwambia mashine yako inamnyima mgonjwa wangu raha.

Akaniangalia. "Mama Paulina, mkanda umekatika tangu juzi. Leo nasaga na nini, meno?"

Nimerudi na boga alilonipa. Aibu nimeiona. Boga tamu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua ya kwanza. Radi zilipoanza nilichomoa kila kitu, kama kawaida. Imepita, nimechomeka, nimewasha. Inanguruma kuliko jana. Mvua inaingiaje kwenye sabufa iliyo ndani ya nyumba kavu? Nimeitukana kwa Kiiraqw. Kiswahili hakina maneno ya kutosha.

Baba Paulina amekataa flashi kabisa. Ninapoishika tu anafumba macho.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwita fundi Amsi. Kijana mzuri, mchafu, hanywi. Amefungua sabufa, amepuliza vumbi, amefunga. Nzima, anasema. Akashika plagi ya sabufa, yenye miguu mitatu.

"Bibi, nikikata huu waya wa ethi, itanyamaza sasa hivi."

"Na huo waya kazi yake nini?"

Akajikuna. "Umeme ukivuja unashuka nao ardhini. Usipokuwepo, unamsubiri atakayeishika."

Baba Paulina ndiye anayeishika. Anaiwekea mkono wake mzuri apate kusikia mtetemo wa besi. Nimemwambia Amsi akate nywele zake kwanza, waya aniachie. Amecheka. Amesema basi, bibi, kuna waya mwingine unaoleta hiyo kelele, tafuta ni upi. Amekula ugali, ameenda zake Endamarariek kwenye kazi.

Nimechoka. Nimekaa miguuni pa mume wangu nikamwambia mzee, vumilia. Akanigusa kichwa. Nampenda huyu mtu hata asiposema.

Jumapili, 9 Novemba

Mkwe wangu Baba Neema, mume wa Paulina, amekuja baada ya ibada. Anaendesha watalii kreta ya Ngorongoro, Jumapili akipata nafasi haendi baa, anakuja kukaa na mkwewe watazame mpira. Yeye ndiye aliyenunua king'amuzi na dishi, akavileta mwezi uliopita, akavifunga kwa mikono yake, sauti ya mpira akaipitisha kwenye sabufa. Anamsimulia mzee mchezo mzima kana kwamba mzee hana macho. Anamfuta mate kwa leso yake mwenyewe. Marafiki wa Baba Paulina wa zamani wamekuja mara moja, wakaogopa, basi. Huyu anakuja.

Timu yake ilipofunga goli Baba Neema akapiga kelele, na Baba Paulina, aliyekuwa amegeukia ukuta, akatabasamu upande mmoja.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo wakati nakamua nimepata akili. Maziwa yakikatika kwenye sufuria huwezi kujua ni kiwele cha nani kinaumwa. Unakamulia kila ng'ombe kwenye chombo chake. Nimeingia ndani nikafanya hivyo kwa waya.

Nimechomoa televisheni. Inanguruma.

Nimechomoa king'amuzi kwenye umeme. Kimekufa, hakina taa. Bado inanguruma. Hapo nilitaka kulala chini.

Kimebaki waya wa dishi, ule unaotoka nje na kujifunga nyuma ya king'amuzi. Hauna hata umeme wake, nilisema. Nikauzungusha, nikaufungua kwa ajili ya kumaliza tu.

Kimya.

Nimesikia kuku wanakwaruza nje. Nimeweka wimbo. Sauti ya kwanza, ya pili, halafu Baba Paulina wa miaka ile akaja kwa chini, mnene, kama ng'ombe dume anayeongea na Mungu. Baba Paulina wa leo akageuka kutoka ukutani. Machozi, upande mmoja tu.

Jumanne, 11 Novemba

Amsi amepita na pikipiki nikamsimamisha barabarani. Amezunguka nyumba, ametazama dishi, amepiga kofi paja lake.

Dishi limefungwa kwenye bomba la mradi wa maji. Bomba lile la chuma, limeenda chini ardhini, halijatupatia maji tangu lichimbiwe. Amsi anasema sabufa inashika ardhi kupitia ukutani, kwenye chuma cha ethi nyuma ya jiko. Na dishi linaishika tena kupitia bomba. Ardhi mara mbili. Umeme kidogo unazunguka, unaingia huku, unatokea kule, na sabufa ndiyo inayoupigia kelele. Udongo ukilowa ndio kabisa.

Nimeelewa. Zizi lenye malango mawili, ndama anazunguka usiku kucha. Ziba moja.

"Lifunge kwenye mti, bibi. Mti haupitishi. Nani alilifunga hapa?"

Nikasema sijui. Nimemdanganya fundi mchana kweupe.

Jumatano, 12 Novemba

Mimi nimeshamgombeza katekista. Nimeshamgombeza mwenyekiti wa kijiji mbele ya mkutano. Lakini mkwe hagombezwi. Mama yangu hakuwahi kumwambia Baba Paulina hata kwamba mlango wetu umepinda, na aliuweka yeye. Nitamwambiaje huyu kijana kwamba zawadi yake inamtesa mzee? Ataona tumeikataa. Ataacha kuja. Na asipokuja, Baba Paulina atabaki na mimi na kuku.

Kumtuma Paulina siwezi. Ana mdomo wangu.

Basi asubuhi nafungua waya, mzee anasikiliza. Jioni naurudisha. Hakuna anayejua.

Jumamosi, 15 Novemba

Ule waya una kasindano katikati, ka shaba. Leo kamepinda. Nimekanyoosha kwa pini ya nywele. Kamekatika.

Mimi mjinga mkubwa.

Jumapili, 16 Novemba

Amekuja. Ameleta soda. Amewasha, hakuna picha. Ameenda nje kulitazama dishi, karudi kalowa, kaenda tena. Mpira umeanza, yeye bado anahangaika na dishi lisilo na kosa. Nilikaa jikoni.

Nikashindwa. Nikatoka na kitenge kichwani, nikasimama kwenye mvua, nikatazama pembeni kama inavyotakiwa kwa mkwe.

Nikasema, "Baba Neema, dishi lako ni zuri. Waya nimeuharibu mimi."

Nikamwambia yote. Nyuki, mashine, ng'ombe, bomba. Akalitazama bomba, akalitazama dishi. Nikajua nimempoteza.

"Mama," akasema, "kumbe wiki zote hizi mzee anageuka ukutani, mimi nilidhani hanitaki mimi."

Nilisahau desturi. Nilimshika mkono.

Tukaingia ndani. Hakukuwa na mpira. Akakaa na mzee, akamsimulia mchezo ambao hakuna aliyeuona. Amemfungia magoli matano.

Jumanne, 18 Novemba

Baba Neema amekuja na nguzo ya mkaratusi juu ya gari la watalii. Amechimba, amelihamisha dishi, ameweka kichwa kipya cha waya. Amsi amesimamia na mikono mfukoni akitoa amri. Nimewapikia kuku.

Wamewasha vyote pamoja. Televisheni, king'amuzi, sabufa. Nimeweka sikio kwenye spika. Hakuna kitu. Bomba nimelifungia ndama.

Alhamisi, 20 Novemba

Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka mlangoni. Nimekamua. Nilikuwa nachambua mboga jikoni.

Mmmmm.

Nimetupa mboga. Nimeingia sebuleni na matusi yangu tayari. Sabufa imezimwa, plagi yake iko sakafuni, niliichomoa jana kwa sababu ya radi.

Baba Paulina amekaa kwenye kiti chake, mdomo umefungwa, koo linatetemeka. Ule wimbo wa pili kwenye flashi. Sehemu yake.

Nimekaa kwenye kigoda karibu na goti lake. Alipofika pale pa sisi akina mama kuingia, nikaingia.

Akanyamaza. Akanitazama. Jicho lile lile la kwaya.

Nilikuwa nimeanzia juu mno. Nikasubiri. Akaanza upya, nami nikaingia chini kidogo.