Ngomeni Kunakalika

Jumatatu, 3 Machi
Manispaa wanataka maana ya neno "ngome". Sheria yao mpya ya majengo ya kale itafuata kamusi yetu — makubwa haya! Mkuu wetu, tunayemwita Nukta maana akisema, mjadala umekwisha, kanitwika mimi kazi hiyo. Kamusi ya zamani inasema: jengo la kujikinga na adui. Basi. Kama vile humo hakai mtu. Na mama mdogo anakaa kwenye ngome ya mji tangu sijazaliwa! Wakipitisha hiyo, atatolewa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeongeza: "pia makazi ya watu waliomo ndani ya kuta zake." Nukta akauliza, ushahidi? Kwetu hakuna maana bila mfano, na mfano lazima utoke kinywani mwa mtu, na chini ya mfano huandikwa jina lake na anapokaa. Kila mtu husema fulani anakaa ngomeni — lakini nani kaandika? Kazi ipo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempelekea mama mdogo kinasa sauti. Nikamwambia azungumze tu. Akazungumza! Joto, magoti, redio ya jirani. Katikati akasema: "Tangu nitoboe dirisha, ngomeni kwetu kunakalika." Kunakalika! Mfano gani utaushinda huo? Nimeuandika mbiombio, Nukta kasaini, umepelekwa manispaa.

Ijumaa, 7 Machi
Dirisha. Katoboa ukuta wa ngome! Nilifurahia Kiswahili, sikusikia anachosema. Na sheria hiyohiyo inakataza hata msumari ukutani. Nimemkimbilia Nukta. Akasema maana yangu imekubaliwa, wakazi watabaki — isipokuwa aliyeharibu ukuta. Watu wote wamepona, mama mdogo nimempalia makaa. Mjinga mimi. Simu yake haipatikani.

Jumatatu, 10 Machi
Kapatikana. Nilitaka kumwambia asogeze kabati lifunike dirisha. Kapokea anacheka. Mwanangu, mbona hukuniambia nimeingia kwenye kamusi? Eti mkaguzi wa manispaa yupo kwake, kamuuliza kama maneno yale ni yake. Kamjibu ni yake, tena kamkaribisha ndani aone dirisha lenyewe. Mungu wangu! Nikauliza, sasa mkaguzi anafanya nini? Kasimama hapo dirishani, anapunga upepo. Nimeshika simu kwa bega, naandika. Ngoja mwanangu, anasema, mgeni anaomba kiti.