Maji Yaliyong'aa Mbele ya Wageni

Jumatatu, 2 Septemba
Pipa la kwanza, siku ya tano. Bluu ya maji machafu ya kutia rangi batiki imefifia, sasa kijivu. Uvundo mkali, dalili njema. Mchanganyiko wa bakteria niliokuza kutoka matope ya mfereji unafanya kazi, au mimi ndiye ninayetaka ufanye. Rangi kupotea si sumu kupotea: ikivunjwa bila hewa huacha mabaki yasiyoonekana. Ndiyo maana kuna pipa la pili, la kupulizwa hewa. Mama Rehema, mwenye bustani ya mchicha chini ya mfereji, amekubali kutumia kisima kwanza, badala ya maji ya mfereji.

Jumatano, 4 Septemba
Kesho wanakuja wageni wanaofadhili mradi. Mama Skola, mwenyekiti wa kikundi cha batiki, amekereka. "Mwalimu, mgeni Ifakara hapokewi kwa uvundo!" Wenzake walicheka. Nilicheka pia.

Alhamisi, 5 Septemba
Maji yaling'aa. Makofi, picha. Nilifurahi nusu saa nzima. Naona aibu kuliandika hilo. Kisha nikainamia pipa. Harufu ya klorini. Mama Skola alilisugua nayo alfajiri ili kuondoa uvundo, iliyobaki akaimimina ndani. Tulishangilia bakteria waliokufa.

Nilimweleza kiongozi wa msafara. "Dokta, acha uprofesa. Maji meupe, picha tunayo. Weka saini kwenye ripoti." Akaamuru pipa lifunguliwe mferejini, mbele ya kamera. Ni dharau. Watu wanakula mchicha ule.

Ijumaa, 6 Septemba
Nilimfokea Mama Skola. Akanijibu taratibu: "Si wewe uliyetufundisha kupima kwa sahani nyeupe? Rangi ikiisha, kazi imeisha?" Ni kweli. Sehemu ya pili ya somo, ya mabaki yasiyoonekana, niliiahirisha, nikidhani itawachanganya. Hasira yangu haijapungua. Imepata tu mahali pengine pa kukaa.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimechelewa. Mama Rehema alisikia maji yamepona, akamwagilia tuta moja kwa maji ya mfereji.
"Ni sumu au si sumu?"
"Sijui, mama."
"Basi hiyo sijui yako kaiandike kwenye karatasi yao."
Nimeiandika. Mabaki hayakupimwa, bakteria waliuawa, usalama haujulikani. Saini yangu iko chini ya maneno hayo tu. Pengine mradi utafungwa.

Jumapili, 8 Septemba
Hakuna jibu kutoka kwa wafadhili. Baada ya misa Mama Skola alikuja bustanini na jembe, bado amevaa kitenge cha kanisani. Tuling'oa mchicha wa tuta lile sisi watatu, tukaufukia mbali na mfereji. Mchicha ulikuwa mzuri sana, mbichi, majani mapana.